Chumba cha Mama na Mtoto

Mlimani, Meru
16 Januari 2024

Dada Resiato,

Shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Mchoro ulioucheka Jumamosi ni wangu.

Huenda hunikumbuki. Watu wa kanisa walipokuja Sombetini kuwaonyesha ramani ya kituo mnachojengewa huku kwetu mlimani, mimi ndiye niliyeshika karatasi pembeni, msichana wa sketi ya bluu. Mzee Abdiel, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliwauliza kama mmeipenda. Wenzako wote walisema nzuri sana. Wewe uliinama, ukaitazama, ukasema, "Mnataka kutufuga? Hili si banda la kuku wa kisasa?" Watu wakacheka. Mama Elizabeth wa umoja wa wanawake akakunja uso. Mimi niliikunja karatasi vibaya mpaka ikapasuka.

Kila mtu anaamini ramani ni ya baba mkubwa Ndesanjo, kwa kuwa yeye ndiye mhandisi na ndiye anayetia saini. Lakini macho ya baba mkubwa yamefifia. Mistari haioni tena. Anaficha, maana ikijulikana hatapewa kazi nyingine. Mimi nimemaliza kidato cha nne Novemba, shule ya ufundi, na kuchora ndilo somo langu. Basi yeye hunieleza kwa mdomo, mimi huchora, naye hutia saini pale ninapomwekea kidole.

Vile vitanda vya mistari miwili nilivinakili kutoka bweni letu la shule. Sikuwa na mfano mwingine.

Nataka kuchora upya kabla kamati haijapitisha. Niambie mnataka nyumba ya namna gani. Kuja kukuuliza siwezi, mbele ya watu sauti hunikauka. Dada Prisca, anayenunua ndizi kwa mama kila wiki, anasema ni jirani yako na kwamba laini yako ya simu umeitupa. Amekubali kubeba barua zetu.

Mdogo wako,
Elirehema


Sombetini
22 Januari 2024

Mdogo wangu Elirehema,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya hiyo shikamoo. Mtaa huu hawanipi.

Laini nimeitupa kweli. Namba ile waliijua madereva wa malori wote wanaopita kwenda Namanga. Ukiacha kazi hii ukabaki na namba, simu itakurudisha kabla njaa haijakurudisha.

Ningejua mchoro ni wako ningecheka taratibu. Lakini ni banda la kuku, sikufichi. Ukumbi mmoja, kila mtu anamwona mwenzake akilala. Sisi tumetazamwa vya kutosha. Getini umemchorea mlinzi kibanda. Unajua nimewajua walinzi wangapi? Na hilo bango la barabarani analolitaka Mama Elizabeth, "Wanawake Waliookolewa". Nani atapita chini yake akitoka dukani na chumvi?

Chora vyumba. Komeo liwe ndani. Bafu lisiwe uani. Jiko liwe moja kubwa, tupike wenyewe, tugombane wenyewe. Bango usiliweke.

Na chumba kimoja, walau kimoja, kiwe na kitanda kikubwa na kidogo pembeni. Hicho ni changu. Nina mtoto wa miaka sita, anaitwa Blessing. Anakaa Oldonyo Sambu kwa koko wake, yaani mama yangu. Baba yake alifia mgodini. Kwa mila yetu mtoto ni wa upande wa mume, lakini shemeji yangu Yiamat alikubali abaki kwa koko kwa sharti moja, nisiwaletee aibu. Wanajua nafua mashuka hotelini. Wakijua vingine watamchukua, nami sitamwona tena. Kwa hiyo ninachotaka ni hicho tu, nitoke huku kimyakimya, niishi naye. Nikipata chumba namfuata likizo ya Juni.

Jina la mwanangu na mahali alipo anajua Prisca, na sasa unajua wewe. Likae hapo.

Dada yako,
Resiato


Mlimani, Meru
3 Machi 2024

Dada Resiato,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzeje.

Nilichora yote uliyosema. Kitanda kidogo nilikiweka upande wa mashariki, jua limwamshe mtoto. Jana kamati ilikaa. Mzee Abdiel akaweka kidole juu yake.

"Ndesanjo, hiki nini? Kabati?"

Baba mkubwa aliinama kama anayetazama. "Ni kama unavyoona mwenyewe, mwenyekiti."

"Mimi naona kitanda cha mtoto."

"Basi ndicho."

Mama Elizabeth akavua miwani. "Mtoto aje kujifunza nini huku, jamani? Tukiwapa vyumba, tukawapa na makomeo ya ndani, si tutakuwa tumewahamishia gesti yao mlimani?" Wazee wakacheka. Kisha akanigeukia. "Wewe binti mshika karatasi, ungekubali ulale nyumba moja na hao, na mtoto wako?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipanga njia nzima. Nikasema, "Sijui, mama."

Vyumba wameviacha, na makomeo pia, baada ya kubishana sana. Bafu la ndani wamekubali kwa kuwa fundi alisema bomba litakuwa fupi. Bango limebaki. Chumba cha mama na mtoto kimefutwa, patakuwa stoo ya mahindi. Wino wa ramani haufutiki kwa raba, unakwanguliwa kwa wembe. Nimekikwangua mwenyewe, wao wakiwa wamesimama nyuma yangu.

Nisamehe.

Elirehema


Sombetini
9 Machi 2024

Elirehema,

"Sijui, mama." Ndiyo yote uliyokuwa nayo.

Mama Elizabeth simlaumu. Amesema anachoamini. Wewe unaamini kingine, ukamwachia aseme peke yake. Wanaume wa namna yako nimewajua. Ukiwaeleza shida zako wanalia, wakimaliza kulia wanadai chenji.

Tangu mwezi uliopita sijarudi barabarani. Nafua nguo za watu kwa mkono, vidole vimechubuka mpaka kalamu hii inaniuma. Nimeshamtumia mama neno kwamba Juni namfuata Blessing. Mama ameshaanza kumfundisha kutandika kitanda, asinisumbue. Unataka nimwambie nini? Kwamba kitanda kimekuwa gunia la mahindi?

Una mkono mzuri sana, mdogo wangu, na mdomo wa jiwe. Kama huwezi kunisemea, sema hivyo, nitafute mwenye mdomo.

Resiato


Mlimani, Meru
8 Aprili 2024

Dada Resiato,

Shikamoo. Nimesema.

Sikusema kwenye kamati. Nilisema mahali pengine, Jumatatu ya Pasaka, mbele ya watu wengi kuliko kamati, na Mzee Abdiel alikuwepo. Sauti ilitoka. Watu walilia, dada. Mzee Abdiel alijifuta macho kwa tai yake. Nilichosema ni kati yangu na Mungu, usiniulize.

Juzi kamati ilikaa tena. Mzee Abdiel mwenyewe akasema chumba cha mama na mtoto kirudi, na hatarudia kusema. Mama Elizabeth akaahidi kushona mapazia. Baba mkubwa alinishika bega tulipotoka.

Nimekichora upya palepale nilipokwangua. Karatasi imekuwa nyembamba pale, ukiiinua kwenye mwanga unaona jua kupitia kitanda. Mafundi wameanza kunyanyua kuta. Chumba chako ni cha pili kutoka jikoni, ili mtoto asiogope.

Uliniita mdomo wa jiwe. Sasa utaniitaje?

Mdogo wako mwenye furaha,
Elirehema


Sombetini
11 Juni 2024

Elirehema,

Barua hii inaletwa na Meshack wa bodaboda. Prisca hayupo tena.

Jumamosi nilikwenda Oldonyo Sambu kumchukua mwanangu. Nilimnunulia viatu vyekundu. Mama alitoka nje na ufagio mkononi, akanipa mkono kama anavyowapa wageni. Ndani alikuwemo Yiamat, amekaa, anakunywa chai.

"Karibu, shemeji," akasema. "Tumekuombea."

Nikamuuliza, mmeniombea nini.

"Kanisa zima limekuombea, mpaka jina la mtoto limetajwa. Umeacha ile kazi, tunashukuru. Hatuna ugomvi na wewe. Mtoto amekwenda kwa watu wake."

Hakuinua sauti. Hakuna aliyeinua sauti. Nilidhani watanipiga, na ningependa wanipige. Nilimuuliza mama, amepelekwa lini? Akasema baada ya watoto wenzake kumwambia habari zangu shuleni. Alirudi akamuuliza, "Koko, mama yangu anauza nini?" Siku ya pili Yiamat akaja kumchukua. Amepelekwa wapi hawaniambii. Viatu Yiamat alivipokea kwa mikono miwili, akasema atafikisha.

Njia nzima niliwaza, nani. Jina la Blessing na habari za Oldonyo Sambu niliwaambia watu wawili tu. Mmoja ni mtoto wa kanisa anayekaukiwa sauti akisalimiwa. Mwingine ananunua ndizi kwa kila mama wa kanisa huko mlimani, anaziuza soko la Kilombero, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

Nilimkuta anapanga ndizi. Nikamuuliza mara moja. "Resi, kwa kaburi la mama yangu, sijasema." Nilimpiga kwa mwiko wa ugali mpaka jino la mbele likatoka. Majirani walishangilia, walidhani tunagombania mwanamume. Mmoja alisema, "Mwongezee, ana maringo huyo." Mwenye nyumba akamtolea vitu nje, kwenye tope, na hakuna aliyemsaidia kuviokota. Hakunirudishia hata kofi. Mwenye hatia ndivyo anavyokuwa.

Umebaki wewe peke yako.

Resiato


Mlimani, Meru
15 Juni 2024

Dada yangu,

Pole. Sina neno lingine. Barua yako niliisomea kwenye migomba nikashindwa kurudi ndani mpaka mama akaja kunitafuta. Nilimwambia kichwa kinauma.

Labda aliyesema hakukusudia mabaya. Labda si dada Prisca. Sina ninachojua, nasema labda tu.

Kituo kinafunguliwa mwezi ujao. Njoo ukae, dada. Chumba chako kiko tayari, mapazia ni ya kijani. Kuna jambo nataka kukuambia, ila si kwa barua.

Elirehema


Kituoni, Meru
23 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Tuko kijiji kimoja na bado nakuandikia, kwa sababu ukija hapa unaangalia sakafu tu. Mwezi mzima umeniletea maziwa, na lile jambo ulilotaka kuniambia hujasema. Nimeshalielewa. Ni pole, na imekukaa kooni. Acha. Nimeipokea.

Nyumba ni nzuri. Komeo liko ndani, nakushukuru. Bafu halivuji. Bango wameliweka, herufi za njano. Mwanzoni nilikuwa nazunguka kwenye kahawa za watu nisipite chini yake. Sasa napita.

Wageni huja kuona kitanda kidogo. Mzee Abdiel huwasimulia jinsi binti mmoja alivyoombea kitanda hicho mpaka kamati ikalainika, na mimi nacheka moyoni, kumbe ulikuwa unaombea ramani yako. Mama Elizabeth huweka mdoli juu ya mto wakija, wakiondoka anauchukua. Jana mzungu mmoja aliuliza mtoto yuko wapi. Nikasema shule. Wenzangu wanataka kitanda kitolewe, iwekwe cherehani. Usikubali. Ramani ni yako.

Maana kuna habari. Yiamat amemtumia mama neno. Nikirudi kundini mbele ya washarika wote, nikikaa hapa mwaka mzima bila kasoro, ataangalia. Amesema ataangalia, mdogo wangu. Kwa hiyo Jumapili nitasimama mbele, nitaje nilikuwa nani na nilifanya nini. Nililolikimbia miaka yote nalifuata kwa miguu yangu. Mama Elizabeth amenishonea gauni jeupe la mikono mirefu. Linanibana kwapani, lakini amesema toba si sherehe.

Nasikia Prisca yuko Nduruma, anapalilia mashamba ya watu. Sina la kumwambia. Nilikula naye sahani moja miaka minne, na wewe sijakujua hata mwaka. Ona ni nani aliyebaki. Jumapili kaa kiti cha mbele, nikikwama nikuangalie wewe.

Dada yako,
Resiato


Mlimani, Meru
29 Septemba 2024

Dada Prisca,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya kwanza kwako, baada ya wewe kubeba barua zangu nyingi na usifungue hata moja.

Aliyesema ni mimi.

Jumatatu ya Pasaka vijana wa jimbo walikusanyika kanisani kwetu, kwaya kutoka pande zote za mlima. Ilifika zamu ya maombi, anayeguswa asimame. Dada Resiato alikuwa ameniambia nina mdomo wa jiwe. Nikasimama. Nikafumba macho, na ukifumba macho watu hawapo. Nikasema, Bwana, mkumbuke Resiato wa Oldonyo Sambu, anayeacha ukahaba Sombetini, na mwanawe Blessing, wapewe chumba cha kulala pamoja. Kwetu tumefundishwa tangu shule ya Jumapili kwamba maombi ya jumla hayafiki, mtaje mtu kwa jina, utaje na kwao. Niliona kumwambia Mungu si kumwambia mtu.

Nilipofumbua macho, waliolia kuliko wote walikuwa kwaya ya Oldonyo Sambu. Hata hapo sikuelewa. Nilifurahi. Wao walirudi kwao wakaendelea kumwombea, kila Jumapili, kwa jina, koko wake na mtoto wakiwa wamekaa kwenye benchi. Hawakuwa na nia mbaya, dada. Walikuwa wanatusaidia.

Jino lako lilitoka kwa ajili ya mdomo wangu. Nilijua tangu siku ile barua ilipofika, na nikaandika "labda".

Kuna jingine, na hili dada Resiato halijui kabisa. Wiki iliyopita kwaya yetu ilikwenda Longido kwa uinjilisti. Nikapewa watoto wadogo niwafundishe wimbo. Mmoja alikuwa amenyolewa kichwa chote, amevaa viatu vyekundu. Nilimuuliza jina, akasema Blessing. Mwalimu wao akanivuta pembeni. "Huyo uwe mpole naye, ana msiba. Mama yake amefariki huko mjini. Baba yake mdogo, Yiamat, ndiye aliyeleta habari, wakamnyoa. Viatu ndivyo alivyoachiwa na marehemu."

Yiamat haangalii chochote, dada Prisca. Ameshamzika.

Mtoto akanifuata wakati wa uji. "Dada, wewe unatoka Arusha? Ulimjua mama yangu?"

Nikamwambia nilimjua.

"Alikuwa anafanya nini?"

Nikasema alikuwa anafua mashuka ya hoteli, na hakuna aliyefua yakawa meupe kama yake. Kisha akakimbia kuwaambia wenzake, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheza nao. Ningeweza kumwambia yu hai. Yiamat alikuwa amesimama karibu na gari letu, anatushukuru kwa kuja. Sauti ilinikauka.

Dada Resiato ameshasimama mbele ya kanisa. Alisema yote, mpaka mambo ambayo hakuulizwa, na Mama Elizabeth akawa anaitikia "endelea". Alikwama mara moja, akaniangalia, akaendelea. Sasa amepanda maua ya manjano dirishani na ameshona shuka dogo. Anangoja mwaka uishe. Kila jioni ananifungulia komeo, mimi tu, tunakaa kwenye kitanda kikubwa ananieleza Blessing atakapokuja atasoma shule ipi.

Nikimwambia ya Longido, hataona sababu ya kuamka. Nikimwambia ya Pasaka, hatabaki na mtu. Nimewaza kila njia, dada, na sijaona hata moja ambayo wewe huumii.

Kwa hiyo nakuomba ubaki kuwa wewe uliyesema. Yeye ameshakuchukia, hiyo imekwisha, na wewe umeshahama. Mimi akinichukia, ni nani atakayempelekea maziwa? Nasikia ulitaka kupanda huku baada ya mavuno umwombe mzungumze. Usije. Akikuona uso kwa uso atakuamini, na atauliza basi ni nani.

Najua ninachokuomba ni kikubwa. Mimi nakuombea kila siku, kimoyomoyo, bila kukutaja jina.

Barua hii ukiisoma, itie motoni. Usimwambie Resiato, wala wanawake unaopalilia nao. Nakuomba, dada yangu, usimwambie mtu.

Elirehema